Somo: Linganisha amplifaya na vigeuzi vya hedifoni kwa masikio yako mwenyewe

Karibu kila wiki mtu ananiuliza kama aongeze pesa anunue amplifaya fulani ya hedifoni, au kama kigeuzi cha dijitali, hiki kinachogeuza faili ya muziki kuwa mawimbi ya umeme na ambacho wengi tunakiita DAC, kitambadilishia muziki wake. Nami humuuliza: umewahi kuisikiliza sambamba na hiyo uliyo nayo, sauti zikiwa zimesawazishwa kwa mita, na wewe hujui ni ipi inayolia? Hadi leo hajatokea aliyeniambia ndiyo. Ndiyo maana nimeandika somo hili.

Mimi niko Kisumu, narekodi kwaya na wapiga nyatiti na orutu, ala za nyuzi za Waluo. Miaka kadhaa iliyopita niliuza hedifoni niliyoipenda sana ili nipate amplifaya ya mtumba iliyokuwa ikisifiwa kila mahali. Siku ya kwanza nilisikia gara, zile njuga za mguuni mwa mpiga nyatiti, kana kwamba amekuja kuketi mbele yangu. Niliamini kabisa. Baada ya miezi miwili nikapima: amplifaya mpya ilikuwa inatoa desibeli 0.9 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) zaidi ya ile ya zamani. Nikazisawazisha, mke wangu akawa anabadilisha waya nyuma yangu, nikakisia mara 16 na kupatia 9. Gara zilikuwa pale pale. Ile hedifoni sijaipata tena.

Tofauti ya desibeli 0.9 ni ndogo kiasi kwamba ni vigumu kusema "hii ina sauti kubwa kuliko ile." Sikio halikuletei habari hiyo kama ukubwa, linakuletea kama uzuri: besi imejaa, mwimbaji anasikika vyema, kila chombo kimejitenga. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha huko Marekani mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa chini, sikio hupunguza besi kuliko linavyopunguza sauti za katikati. Ukipandisha volyumu kidogo tu, besi inarudi, na wewe unadhani ni kazi ya amplifaya.

Hatua ya 1: Chagua kipande kifupi

Usitumie wimbo mzima. Sikio hukumbuka rangi ya sauti kwa sekunde chache tu. Ukisikiliza dakika nne, ukabadilisha kifaa, ukasikiliza nne nyingine, unalinganisha hisia zako za asubuhi na za jioni. Kata sekunde 10 hadi 15.

Mimi hutumia nyatiti. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, oduong'o, akawa anaigonga kwenye ukingo wa chombo huku vidole vikicheza na nyuzi nane. Chuma juu ya mbao, nyuzi, gara, na sauti ya mtu, vyote kwa wakati mmoja: kama kifaa kina udhaifu, hapo kuna mahali pa kujifichua. Kwa besi, ngoma za isukuti zinatosha. Faili iwe FLAC au WAV, aina zisizopunguza ubora wa rekodi. Ubora wa CD, yaani biti 16 na kilohezi 44.1, ni mwingi kwa kazi hii.

Fanya usiku, tuktuk zikishapungua. Mvua ikianza kupiga mabati, acha, mtaendelea kesho.

Hatua ya 2: Sawazisha sauti kwa mita

Kazi yote iko hapa, na ndipo watu wengi huharakisha. Kusawazisha kwa sikio hakutoshi. Tunataka tofauti isizidi desibeli 0.1, ambayo ni kama asilimia 1.2 ya volti, na hakuna sikio linaloweza kupima hivyo.

Kwanza mita yenyewe. Ile ndogo ya manjano ya bei ya chini inayopatikana kila duka la vifaa vya stima, mara nyingi ina ngazi mbili tu za AC, yaani umeme wa mkondo geu kama huu wa sauti: volti 200 na volti 750. Inasoma kwa hatua za volti 0.1. Ukiwa na volti 0.26 au 0.34 itakuandikia 0.3, na kati ya hizo mbili kuna zaidi ya desibeli 2. Haifai hata kidogo. Tafuta yenye ngazi ya volti 2 za AC, au inayosoma milivolti yenyewe. Kama huna, fundi wa redio wa mtaani kwako huenda anayo. Mpelekee vifaa vyako, ni kazi ya dakika kumi.

Kisha tengeneza toni, yaani mlio mmoja usiobadilika, ya hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) kwa programu ya bure ya Audacity. Nachagua 60 kwa sababu mita za kawaida zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa nyumbani, na nyingi hupotoka zikipewa masafa ya juu. Chukua kigawanyo cha waya chenye matundu mawili: tundu moja hedifoni, la pili waya wa zamani uliokatwa ncha ili upime. Hedifoni lazima iwe imechomekwa wakati wa kupima, kwa sababu mzigo wake unaweza kushusha volti. Lakini iwe mezani. Usiivae! Volti 0.3 za toni isiyokatika ni nyingi mno kwa sikio.

Cheza toni kupitia kifaa A, weka volyumu hadi mita isome 0.300. Hamia B, toni ile ile, rekebisha hadi 0.300. Ukiwa kati ya 0.297 na 0.303 umefika. Kama kimoja ni simu ambayo volyumu yake hupanda kwa vidato, anza na hiyo, halafu ufuatishe chenye kitufe cha kuzungusha. Pima kushoto na kulia. Amplifaya nyingi za bei nafuu, kitufe kikiwa chini, upande mmoja huzidi mwingine, na mwimbaji anaonekana kusogea pembeni. Hilo ni kosa la kweli la kifaa; liandike. Ukimaliza, bandika selotepu juu ya vitufe, mtu asiviguse.

Ukisikiliza muziki wenyewe na kuona sauti ni kubwa mno, rudi upime upya chini zaidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kuwa kikomo cha mtu mzima, na majaribio haya huchukua muda.

Hatua ya 3: Ficha

Unahitaji msaidizi na sarafu ya shilingi kumi. Kabla ya kuanza, arushe mara 16 mahali usipomwona, aandike: simba ni A, upande wa pili ni B. Kisha aketi nyuma yako, vifaa vikiwa chini ya leso au gazeti.

Unaruhusiwa kusikiliza A na B huku ukijua ni zipi, mara nyingi utakavyo. Ukiwa tayari, sema "ya kwanza," naye akuwekee ile ya kwanza kwenye orodha yake. Wewe andika jibu.

Mambo matatu yanayoharibu majaribio mengi niliyoyaona. Msaidizi achomoe na kuchomeka waya kila mara, hata kama orodha imerudia kifaa kile kile, la sivyo mlio wa kuchomeka unakupa jibu. Kipande kianze mwanzo kila mara. Na msaidizi asikwambie umepatia au umekosa hadi mwisho. Hata kuguna asigune.

Kuna wanaohisi kwamba kufichwa ni kuwatukana masikio. Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa spika, walilinganisha mwaka 1994 hukumu za watu waliokuwa wakiziona spika na hukumu zao wakiwa hawazioni. Hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya vifaa vya sauti, na bado macho yalibadilisha alama walizotoa. Sioni aibu yoyote katika hilo. Ubongo hukusanya habari kutoka kila mlango ulio wazi, kwa hiyo tunafunga mlango mmoja ili tuusikie mwingine.

Hatua ya 4: Hesabu

Ukipatia 12 au zaidi kati ya 16, uwezekano wa anayeotea tu kufika hapo ni karibu asilimia 4. Hapo naamini umesikia kitu. 8, 9, 10, hapana.

Pale ambapo tofauti zipo kweli

Nisieleweke kwamba vifaa vyote ni sawa. Baadhi ya tofauti utazisikia mara 16 kati ya 16, na hizo ndizo za kutafuta kabla hujatuma pesa kwa muuzaji.

Kubwa kuliko zote ni ukinzani wa tundu la kutolea sauti, yaani kiasi linavyozuia umeme, ambacho hupimwa kwa omu. Hedifoni haina ukinzani mmoja. Hupanda na kushuka kadiri masafa yanavyobadilika. Chukua spika za masikioni ambazo mahali fulani zina omu 8 na mahali pengine omu 32. Zichomeke kwenye amplifaya yenye omu 10: masafa ya omu 8 yatashuka kwa karibu desibeli 4.7 chini ya yale ya omu 32. Huo ni muziki mwingine kabisa. Amplifaya ya omu 1 itashusha kwa chini ya desibeli 0.8. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa amplifaya usizidi sehemu ya nane ya ule wa hedifoni.

Jambo la pili ni mchakacho wa chinichini. Spika za masikioni zilizo na usikivu mkali huutoa hata kabla muziki haujaanza. Sikiliza kimya. La tatu ni nguvu kutotosha: volyumu iko mwisho na ngoma zinakwaruza. Basi. Nje ya hayo, vigeuzi vya siku hizi vilivyotengenezwa vizuri hunishinda kuvitenganisha, na nimejaribu kwa bidii.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kakamega: Mwalimu, nimepatia 8 kati ya 10. Si ni ushindi huo?*

Karibu, ndugu yangu, lakini bado. Anayeotea tu hupata 8 au zaidi mara moja katika kila majaribio 18 hivi. Ningekuwa wewe ningepumzika, nirudi kesho na 16 mpya. Na uamue idadi kabla ya kuanza. Ukiendelea hadi ufike mahali unapopapenda kisha usimame, hesabu haina maana tena.

*Mwanachama, Nakuru: Nina hedifoni ya omu 300 na ninasikilizia simu. Wananiambia bila amplifaya ninapoteza muda.*

Piga hesabu. Kigeuzi kidogo cha simu kinachotoa volti 1 kinaipa hedifoni yako miliwati 3.3. Hedifoni ya omu 32 ingepata 31 kwa volti hiyo hiyo. Kwa hiyo huenda ni kweli unahitaji amplifaya, lakini kipimo ni hiki: je, volyumu inafika mwisho kabla hujaridhika? Kama inabaki, amplifaya haitakuongezea kitu. Na kwa hedifoni ya aina yako, ziogope amplifaya za kale zenye omu 120: ukinzani wako ukipanda hadi 500 kwenye besi, besi itapanda kwa desibeli 1 hivi. Wako wanaopenda hivyo. Ni sawa, mradi ujue unachokipenda ni nini.

*Mwanachama, Bungoma: Laptopu ikiwa kwenye chaji nasikia mvumo. Nikichomoa unaisha. DAC mbovu?*

Sidhani. Tatizo linapitia chaja na ardhi ya umeme wa nyumba. Fanya majaribio yote kwa betri. Usithubutu kukata waya wa ardhi ili kuondoa mvumo. Na hii tabia yetu ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, tuiache, maana kifaa kinachohitaji ardhi kinakosa ulinzi wake.

*Mwanachama, Kisumu: Faili za biti 24, kilohezi 192, je? Zinahitaji kigeuzi cha bei.*

Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio ambapo muziki wa ubora unaozidi ule wa CD ulichezwa wenyewe, kisha ukapitishwa kwenye ubora wa CD, wasikilizaji wakisema ipi ni ipi. Kati ya majaribio 554 walipatia 276. Hilo ni sawa na kurusha sarafu. Jaribu nyumbani pia: programu ya foobar2000 ina nyongeza ya bure ya kulinganisha faili mbili bila kujua ni ipi. Hapo huhitaji msaidizi wala mita, mradi faili zote mbili zimetoka kwenye rekodi moja.

*Mwanachama, Busia: Nina amplifaya yenye tundu la milimita 4.4. Fundi anitengenezee swichi ya kubadilisha haraka kati yake na ya kawaida?*

Hapana, tafadhali. Kwenye tundu hilo waya hasi si ardhi, nao hubeba sauti. Ukiuunganisha na ardhi ya amplifaya nyingine unaweza kuiunguza. Swichi ni ya amplifaya mbili za tundu la kawaida tu. Yako ibadilishe kwa kuchomoa na kuchomeka, taratibu.

*Mwanachama, Kisumu: Mimi nimefikisha miaka 61, mwanangu. Masikio haya yanafaa kwa kazi hii?*

Yanafaa, mzee wangu. Masafa ya juu hupungua kwa kila mtu kadiri miaka inavyoenda, na kwa mchakacho wa juu kabisa ningemwomba mjukuu asikilize kwa niaba yako. Lakini amplifaya unamnunulia nani? Kama masikio yako hayatofautishi A na B, pesa hizo ziende kwenye hedifoni bora, maana huko tofauti ni kubwa na wewe mwenyewe utaisikia. Nikiwa mjini Jumamosi mita yangu iko, njoo nayo amplifaya yako tuipime pamoja.