Kutoa app Play Store ukiwa peke yako, hapa hapa Pemba
Jamani msianze na makubwa, mie nilianza na app ya kupwa na kujaa maji tu, mvuvi wa Wete aifungue bila bando. Akaunti ya kutolea app Google Play ni dola 25 mara moja basi, Apple dola 99 kila mwaka, hiyo iache kwanza. Sasa kasheshe, akaunti mpya ya mtu binafsi lazima upate watu 12 wa kuitesti siku 14 mfululizo ndo uombe kuitoa kwa wote, mie nilikaa barazani nikashika simu moja moja kuwaunga kwenye majaribio kwa imeili zao, mmoja hata paswedi ya imeili yake haijui! Tafuta 15, kuna watakaojitoa. Halafu ijaribu juani kwenye simu kuukuu, herufi zangu hazikuonekana kabisa.