Kupinda kulia penye kijia cha pembeni

Ukija kujifunza kwangu hapa mjini Unguja, usitegemee nianze na gia. Wanafunzi wangu wengi ni kinamama wanaopeleka watoto skuli, na gia watazizoea wenyewe. Mie ninachokihofia ni kupinda kulia pale njia kuu inapokuwa na kijia cha pembeni mbele ya maduka, kile ambacho daladala hushushia abiria na wenye honda hujipitia watakavyo.

Sie tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayepinda kulia ndiye anayewakata wenzake. Haki si yake. Kwenye njia ya kawaida unampisha anayekuja mbele, basi. Penye kijia unapisha mara tatu: gari za njia kuu zinazokuja mbele yako, kisha vyombo vya kijia cha upande ule, kisha waendao kwa miguu wanaokatisha mdomo wa njia unayoiingia. Watu hupisha ile ya kwanza, wakaingia.

Tazama vioo mapema, tia indiketa, sogea karibu na mstari wa kati. Ukisubiri, magurudumu yawe yamenyooka. Mwanafunzi akianza kuzungusha usukani kabla hajapata nafasi namrudisha, maana ukigongwa kwa nyuma huku magurudumu yamelala kulia, utasukumwa mpaka mbele ya gari zinazokuja. Usiondoke mpaka uone upenyo wa kuvuka vyote viwili, njia kuu na kijia. Ikiwa baina yao pana nafasi ya kutosha gari nzima, hapo unaweza kusimama tena. Kama haipo, usijaribu. Mkia wa gari utabaki njia kuu.

Sasa niseme hisani, maana ndiyo inayonitisha zaidi. Dereva wa daladala la 505 anasimama, anakuwashia taa, na utingo anatoa mkono dirishani: "Pita mama, pita!" Mshukuru, lakini amekupa nafasi yake tu. Ya yule wa bodaboda anayekuja mbio ndani ya kijia, ubavuni mwa daladala, si yake kuitoa. Na daladala lenyewe limekuziba, humwoni wala yeye hakuoni. Kwa hiyo jongea taratibu mguu ukiwa juu ya breki. Pua ya gari ikichomoza tu, simama, chungulia kushoto kwako, ndiko atokeako. Kisha tazama na kulia, wapo wanaokuja kinyume ndani ya kijia, tena bila ya haya. Utingo akikuharakisha, muache apige makelele.

Na ukiwa wewe ndiye uliyemo kijiani, unataka kwenda kulia? Usikate moja kwa moja. Tafuta pahala kijia kinapoungana na njia kuu, wapishe waliomo, ndipo usogee katikati kidogo kidogo. Pahala hapo pakiwa karibu mno na makutano, achana napo: nenda mpaka kipilefti cha mbele, zunguka, rudi, njia yako itakuwa mkono wa kushoto. Utapoteza dakika chache tu. Hapo napo, ukipinda kushoto kutoka njia kuu, unakatisha kijia cha upande huo, na anayenyoosha ndani yake umpishe. Kioo cha kushoto kitazame kabla ya kuzungusha usukani, si baada.

Kwenye kipilefti chenyewe, kama kile cha Michenzani, mpishe aliyekwisha kuingia, anayekujia kutoka kulia kwako. Akiwapo askari wa trafiki, fuata mkono wake, hayo mengine yote yasahau.

Wageni wa vespa za kukodi wana hesabu yao. Wengi kwao huendeshwa kulia, kwa hiyo kwenye makutano hutazama upande usiotoka gari. Ukimwona anasitasita, mngoje, hata kama haki ni yako.

Gari la ng'ombe haliendi mbio, lakini ni refu na shehena huzidi nyuma. Likiwa linavuka, ngoja limalizike lote.

Ramadhani, ikishapita alasiri, kila mtu anakimbilia futari na hakuna anayempisha mwenziwe. Saa hizo somo la kupinda kulia silifundishi. Mwanafunzi nampeleka kiwanja cha Maisara tukafanye rivasi.