Drosera ya Rasi: inafika ukubwa gani, na kwa kasi gani

Drosera capensis ni mmea mdogo mla wadudu, asili yake sehemu za majimaji huko Rasi, Afrika Kusini. Majani ni membamba, yamejaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kimebeba tone la ute unaonata kama ulimbo. Ukikomaa unatanuka sm 10 hadi 15. Bapa la jani, yaani ile sehemu yenye vinywele, huwa na urefu wa sm 3 hadi 4 na upana wa nusu sm tu. Mwisho wake ni hapo. Anayesubiri ujaze dirisha atasubiri sana.

Kwa hiyo usiupime kwa urefu. Mmea uliorefuka haraka mara nyingi unautafuta mwanga. Angalia mambo matatu: majani mapya kwa mwezi, upana wa bapa, na ute.

Hatua ya 1: Udongo na kopo

Changanya piti mosi (mabaki ya kuvu za majimaji yaliyooza nusu, huuzwa kama udongo wa kupandia) na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe ya volkano) nusu kwa nusu kwa ujazo, baada ya kuisuuza perlaiti. Mchanga wa ufukweni usiuguse: una chumvi na vipande vya makombe, na chokaa yake huharibu mizizi. Samadi, mboji na mbolea ya dukani, hata kidogo, hapana. Mizizi hii imezoea udongo fukara. Chakula huingilia majani.

Kopo liwe la plastiki, mdomo sm 9 au 10, kina kisichopungua sm 10, kwa sababu mizizi ni mirefu kuliko unavyodhani. Chungu cha udongo hufyonza chumvi na kuirudisha kidogo kidogo.

Hatua ya 2: Maji

Hapa ndipo mimea mingi hufia. Tumia maji ya mvua au maji yaliyokenekwa. Maji ya betri yanafaa iwapo ni maji matupu. Yapo makopo yanayofanana nayo ambayo ndani ni asidi, basi soma lebo. Ukiwa na kipimo cha TDS, yaani kifaa kinachoonyesha wingi wa chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, lenga chini ya 50 ppm. Maji ya bomba ya miji mingi na ya visima vya pwani hupita hapo kwa mbali, na ya kunywa ya chupa mara nyingi huwa na madini. Ukikinga mvua kutoka paani, acha dakika za mwanzo ziuoshe uchafu kwanza.

Weka kopo kwenye kisahani chenye maji ya kina cha sm 1 hadi 2. Yakiisha, ongeza. Usimwagie juu ya majani, utauosha ute.

Hatua ya 3: Mwanga

Jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 4 hadi 6 kwa siku, la asubuhi likiwa bora. Arusha, Iringa au Nairobi unaweza kuliacha hata mchana. Pwani, joto likipita nyuzi 32, weka kivuli kuanzia saa sita. Kwa taa ya LED, washa kwa muda wa saa 12 hadi 14 kwa siku, ikiwa sm 20 hivi juu ya majani. Dalili ya mwanga wa kutosha ni vinywele kuwa vyekundu iva, vikipauka, sogeza kopo kwenye mwanga zaidi.

Hatua ya 4: Chakula

Ukinasa vijinzi vya matunda wenyewe, uache. Usiponasa kitu, saga chakula cha samaki wa urembo kiwe unga, lowanisha, kisha weka kiasi cha ncha ya kijiti cha meno kwenye jani moja kila baada ya wiki 2 au 3. Ndani ya saa moja hivi utaona vinywele vimeinama, na baadaye jani lenyewe hujikunja kumzunguka mdudu. Nyama huoza, dagaa wana chumvi, na kumbikumbi mzima ni mzigo: jani litaungua jeusi kabla halijammaliza.

Hatua ya 5: Kupima

Chomeka kijiti pembeni ya jani jipya kabisa lililofunguka, andika tarehe. Baada ya siku 28 hesabu yaliyoongezeka. Mmea mkubwa wenye afya hutoa jani kila wiki moja hadi mbili, yaani 2 hadi 4. Ukipata sifuri msimu wa joto, rudi hatua ya 2 kabla ya kushuku kingine.

Kwa anayeanza na mbegu: zinyunyize juu, usizifukie, maana zinahitaji mwanga. Huota wiki 2 hadi 4, mara nyingine zaidi. Mche wa mwanzo una mm 2 au 3, na miezi mitatu ya kwanza unaweza kubaki chini ya sm 1. Wengi hukata tamaa hapo na kuanza kumwaga mbolea. Mche ukipewa unga ule wa chakula cha samaki, punje moja tu, huchapuka. Karibu na mwaka mmoja unaweza kutoa maua.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mombasa): Mkuu, nimeununua wiki tatu zilizopita, ute umekauka wote. Nifunike na mfuko?

Jibu: Usifunike, ndani ya mfuko juani utaupika. Majani yaliyokauka safarini hayarudi. Tazama yale yaliyofunguka baada ya kufika kwako. Yakiwa na ute, mmea umepona. Nayo yakiwa makavu, kagua maji, kisha mwanga.

Swali (Nairobi): Shina limefika sm 12, chini kuna majani meusi, kichwa kiko juu kama mnazi. Ni ugonjwa?

Jibu: Angalia nafasi kati ya majani. Yakiwa yamebanana na yana ute, ni umri tu. Yakiwa mbalimbali na membamba, mwanga ni mdogo. Ukitaka, kata kichwa na sm 3 za shina, kipande kichomeke kwenye udongo uleule. Kisiki usikitupe, huchipua baada ya wiki kadhaa.

Swali: Kikonyo cha maua nikikate? Nimesikia kinaunyonya mmea.

Jibu: Hiyo ni ya dionea, mmea mwingine mla wadudu uitwao mtego wa nzi. Drosera hii huvumilia. Kikonyo hufika sm 20 hadi 30, maua ya waridi hufunguka moja moja na hujichavusha. Ila kikiiva, mbegu kama vumbi zitaota kwenye makopo yako yote.

Swali (Ujerumani): Umesimama tangu Novemba. Unalala?

Jibu: Hauhitaji usingizi wa baridi, umepungukiwa mwanga. Washa taa kwa muda wa saa 14 kwa siku, na joto lisishuke chini ya nyuzi 5.

Swali (Tanga): Dada, piti mosi ni ghali huku. Kokopiti, ile ya makumbi ya nazi, je?

Jibu: Inawezekana, lakini nyingi ina chumvi. Loweka kwenye maji ya mvua siku nzima, kamua, rudia mara nne au zaidi. Pima maji ya mwisho uliyokamua. Yakisoma zaidi ya 50, loweka tena.