Polisi wa Uingereza wakikuchukua "kwa usalama wako"

Mtu akikutwa saa nane za usiku kwenye stesheni ya treni, kandambili miguuni, hana koti, analia peke yake, polisi wa England na Wales hawahitaji kumshuku kwa kosa lolote ndipo wamchukue. Kifungu cha 136 cha Sheria ya Afya ya Akili ya 1983 kinawatosha: wakiona ana dalili za ugonjwa wa akili na anahitaji msaada wa papo hapo, wanampeleka mahali salama, kwa kawaida hospitali. (Scotland ina sheria yake.)

Hapo hujashtakiwa, ila huruhusiwi kuondoka. Cha kushika mapema ni muda: saa 24 tangu ulipofika mahali hapo. Daktari anaweza kuongeza saa 12 tu, tena ikiwa hali yako hairuhusu kupimwa kwa wakati. Uliza umeandikwa kuingia saa ngapi. Kifungu hiki peke yake hakimpi mtu ruhusa ya kukudunga sindano usiyoitaka, maadamu akili yako inaweza kuamua.

Nyumbani ni habari nyingine. Kifungu cha 136 hakitumiki ndani ya nyumba ya mtu. Huko inatakiwa hati ya hakimu. Polisi wakigonga na kusema "toka nje kidogo tuongee", kwa mazungumzo tu hulazimiki kutoka.

Omba mkalimani wa kazi, na utaje Kiswahili chako ni cha wapi, maana mtu wa Bukavu na mkalimani wa Unguja wanaweza kupishana pabaya. Mtoto wa miaka 12 kumtafsiria mama yake maswali ya kujiua, hapana jamani.

Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kuwekwa kituo cha polisi chini ya kifungu hiki. Mtu mzima akijikuta kituoni, adai wakili wa bure na ndugu mmoja ajulishwe. Asiye raia anaweza pia kuomba ubalozi upewe taarifa, ila aliyekimbia serikali yake asithubutu.

Na bili? Anayezuiliwa hospitali ya serikali kwa sheria hii halipishwi matibabu, hata kama viza yake ni ya matembezi.

Madaktari wakiamua ulazwe kwa kifungu cha 2, muda unapanda hadi siku 28, na rufaa kwenye baraza la kisheria linalosikiliza kesi hizi (tribunal) huombwa ndani ya siku 14 za mwanzo. Hapa ndipo familia zetu hukwama. Sheria inamtambua "ndugu wa karibu", lakini kwa mgonjwa mkazi wa Uingereza, ndugu anayeishi nje hahesabiwi. Mke yuko Mombasa, kaka yuko Leicester: kaka ndiye mwenye sauti, kama hakuna mtoto mkubwa wala mzazi huko. Anaweza kuandika barua ya kutaka mgonjwa aruhusiwe. Baada ya saa 72 mgonjwa anaachiwa, isipokuwa daktari awe ameipinga kwa maandishi.