Namna ya kuandika bango la kuonya kuhusu kubeti likasomwa kijiweni

Bango langu la kwanza lilisema "Beti kistaarabu". Nililibandika kwenye kijiwe cha bodaboda Mbagala, jirani na banda la wakala wa pesa. Dereva mmoja akalisoma, akacheka: "Mimi nabeti kistaarabu kabisa, kaka. Mkeka ukichanika sigombani na mtu." Kesho yake nikalibandua.

Siku hizi naanza na hesabu ya mkeka wenyewe, yaani mechi kadhaa ulizobetia kwa pamoja: moja ikikosea, wote umechanika. Chukua mechi 10, kila moja odi 1.5, yaani ikitiki dau linazidishwa mara 1.5. Tuseme mpira unaujua, kila timu uliyoichagua ina nafasi ya kushinda mara 6 katika 10. Mkeka mzima utatiki kama mara 6 katika 1,000. Kama kila mkeka umeuwekea shilingi 1,000, umetoa milioni moja, na zinazorudi hazizidi laki tatu na nusu. Hakuna refa aliyehongwa hapo. Kwenye bango usimwage hesabu yote, mstari mmoja unatosha: "Mikeka 1,000 ya mechi kumi kumi: inatiki 6." Watabisha, watatoa kalkuleta. Waache wabishe.

Angalia pia ukubwa wa herufi. Uingereza, mwaka 2015, kampuni za kubeti zenyewe zilileta onyo lenye maana ya "Raha ikiisha, acha", na neno raha likachapwa kubwa kuliko mengine. Mpita njia ataona nini? Australia walikaza zaidi: tangu Machi 2023 matangazo ya kubeti mtandaoni yanabeba maonyo kama "Huenda unakaribia kupoteza". Yapo saba, yanapokezana ili macho yasiyazoee. Hilo nimeliiga. Karatasi zangu nabadilisha kila wiki mbili, Ijumaa jioni, kabla mechi za Jumamosi hazijaanza.

Picha ya noti, mpira au mtu anayeshangilia, achana nayo. Niliwahi kuchora burungutu la hela lenye alama ya mkasi (X). Vijana wawili wakaniuliza kampuni hiyo wanajiungaje.

Usimtukane msomaji. Aliyebetia hesabu ya bosi, ile hela ya kumpelekea mwenye pikipiki, ana aibu yake tayari, ukimwita mjinga anageuza uso. Mpe kitu cha kufanya leo: "Peleka hesabu ya bosi kwanza, ndipo ufungue simu." Mke wake mwandikie bango lake, ulibandike kliniki ya watoto, lenye dalili: simu inafichwa, vitu vya ndani vinauzwa, usiku mume hapati usingizi.

Mwisho kabisa, namba ya msaada. Ipige mwenyewe kabla hujachapa, tena saa nne usiku siku ya mechi, maana ndiyo saa anayoihitaji. Mimi niliamini karatasi niliyopewa, nikachapa mabango 40 yenye namba isiyopokelewa. Nilizunguka kijiwe kwa kijiwe na peni nyeusi, naikata moja moja, huku wananiuliza na mimi mkeka umechanika nini.