Unataka kuwa mtafiti wa maumivu ya misuli na viungo? Anzia hapa

Wengi wanaoniuliza kuhusu hii kazi huanza na PhD, waombe wapi, supavaiza awe nani. Mimi huwa nawarudisha nyuma, tibu watu kwanza. Miaka miwili mitatu hivi kwenye fiziotherapia au fani nyingine ya utengemao, na uwe na daftari, kila kitu kikikushangaza unaandika. Unakuta wagonjwa wawili eksirei zao za goti zinafanana kabisa, mmoja anapanda ngazi bila shida, mwenzake usiku halali kwa maumivu. Kwa nini? Swali kama hilo utakaa nalo miaka mingi na ukikwama utamkumbuka yule mgonjwa, la kuokota kwenye makala ya mtu linachosha mapema.

Afu usome. Anza na ule mtazamo wa mwili, akili na maisha ya mtu kwa pamoja, daktari George Engel aliuandika 1977 na daktari wa mifupa Gordon Waddell akauleta kwenye maumivu ya mgongo 1987. Soma pia maana ya maumivu ya IASP, chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu, walivyoirekebisha 2020, wanasema wazi kwamba maumivu huwezi kuyajua kwa kuangalia kazi ya neva za hisia peke yake. Majaribio ya fiziotherapia yatafute PEDro, hazina ya mtandaoni ya tafiti za fiziotherapia, ni bure na ipo tangu 1999.

Sasa takwimu, na hapa naomba usikimbie maana ndo panapoharibika. Utafiti wangu wa kwanza nilipima watu wenye maumivu ya mgongo, nikawapa mazoezi wiki nane, nikawapima tena, karibu wote maumivu yameshuka, nikafurahi sana. Mtakwimu akaniuliza kitu kimoja tu, bila wewe wangekuwaje? Sikuwa na jibu. Watu huja kutibiwa siku maumivu yamefika juu kabisa, na maumivu ya mgongo yana tabia ya kupanda na kushuka, kwa hiyo ukimpima mtu akiwa juu kuna uwezekano mkubwa ukimpima tena utamkuta chini hata kama hukufanya chochote. Ongeza na wale walioacha kuja, sikuwahesabu, na huenda ndo walikuwa wameumia zaidi. Roho iliniuma kwa sababu wale watu walinipa muda wao na mimi sikuwa na kitu cha kuwarudishia. Kwa hiyo weka kundi la kulinganisha, wagawe kwa bahati nasibu, mtakwimu umtafute kabla hujakusanya data, ukishazikusanya kashachelewa.

Vipimo navyo amua mapema. Namba ya maumivu 0 hadi 10 haitoshi, mtu anaweza kubaki na 5 yake lakini karudi kazini na anabeba mtoto. Kwa mgongo kuna dodoso la Oswestry na la Roland-Morris lenye maswali 24, yanauliza mtu anaweza kufanya nini. Chagua kipimo kimoja kikuu, sajili protokoli, yaani mpango wako wa utafiti, kabla hujaanza, na kipimo hicho usikibadilishe ukishaona matokeo. Na kama dodoso limetafsiriwa hakikisha tafsiri yenyewe imepimwa, hili watu wanalipita sana. Wahusishe wagonjwa pia kwenye kupanga utafiti, utashangaa ulichodhani ni muhimu kwao sicho.

Supavaiza usichague kwa ukubwa wa jina. Ongea na wanafunzi wake, hasa waliokwisha kumaliza, uliza anasoma rasimu baada ya muda gani na jina la nani linatangulia kwenye makala. Ukimwandikia barua pepe iwe fupi, swali lako, umelitoa wapi, umesoma kazi yake ipi na unadhani kimebaki nini.

Ruzuku utanyimwa, makala zitakataliwa, wote tunapitia. Soma maoni, kaa nayo siku mbili, rekebisha, tuma pengine. Ukiweza baki na siku moja kwa wiki ya kutibu wagonjwa, mimi maswali yangu mazuri bado yanatokea huko. Na mradi ukiisha, kabla hujaenda kwenye kongamano, wapigie simu walioshiriki uwaambie mmepata nini, hata kama jibu ni kwamba matibabu hayakusaidia.