Namna ya Kutambua Miamba Iliyojengwa na Bakteria wa Kale, kwa Msomaji wa Mwanza

Anayeishi Mwanza na kutaka kuzijua stromatoliti, yaani miamba ya matabaka iliyojengwa na bakteria katika maji ya kale, asizitafute kwenye mawe makubwa ya jiji. Bismarck Rock na majabali yanayobeba nyumba za milimani ni matale, yaliyotokana na uji wa moto uliopoa chini ya ardhi, na magamba yanayobanduka juu yake ni kazi ya jua na mvua tu. Miamba ya chuma ya Geita ina mistari mizuri, lakini mistari peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Jifunze kwanza kwa utando wa bakteria ulio hai. Tafuta jiwe lililo ukingoni mwa ziwa, ubaki nchi kavu kwa sababu ya kichocho, kisha pitisha kidole juu ya ute wa kijani unaoteleza. Utaona chembe za udongo na mchanga zimenasa hata ubavuni, mahali ambapo mchanga mtupu ungeporomoka. Bakteria wanaoishi kwa mwanga wakifunikwa na mashapo, yaani mchanga na udongo unaotua majini, hupanda kulifuata jua, na chini yao hubaki tabaka jembamba. Wanapotwaa kaboni dayoksaidi majini, chokaa huweza kujitenga na maji na kuligandisha tabaka hilo. Maji ya Ziwa Victoria yana madini machache mno kwa kazi hiyo. Ziwa Tanganyika linayo ya kutosha, na stromatoliti zimepatikana humo. Zimepatikana pia juu ya kingo za sasa za Ziwa Natron, zikionyesha maji yalipofika zamani.

Ukipata kipande cha mwamba wa chokaa au cha dolomiti, jamaa ya chokaa yenye magnesi, lowesha uso uliokatwa na ufuate tabaka moja tu kwa kioo cha kukuzia, kutoka bondeni hadi kileleni. Mashapo yanayoanguka yenyewe hujaza mabonde kwanza. Kwa hiyo tabaka lililo nene zaidi kileleni linaashiria utando ulionasa chembe na kukua kuelekea mwanga. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwani mwamba uliokunjwa na nguvu za ardhi nao huweza kunenepa kileleni. Tazama chini kabisa: stromatoliti huanzia juu ya kitako chake na kupandisha kuba polepole, ilhali mkunjo huyapinda matabaka yote pamoja. Tone la asidi hafifu litachemka juu ya chokaa, lakini dolomiti sharti uikwangue iwe unga kwanza.

Baada ya umbo, soma mazingira. Vipande vilivyovunjika kati ya nguzo za stromatoliti ni dalili ya mawimbi, na nguzo zilizorefuka upande mmoja mara nyingi hufuata mwelekeo wa maji. Tafuta pia vishimo vya wanyama, kwani huonyesha kama wanyama walikuwapo. Stromatoliti za Pilbara, Australia, zenye umri wa takriban miaka bilioni 3.4, ziliishi kabla ya mnyama yeyote. Leo konokono hula utando kama huo, na uchache wa walaji ni sababu mojawapo inayotolewa ya stromatoliti kustawi Hamelin Pool, ghuba iliyo nchini humohumo, ambako maji yana chumvi karibu mara mbili ya bahari. Kabla ya kung'oa chochote, chora mshale unaoonyesha upande wa juu, kwa maana kuba lililogeuzwa husomeka kama bonde.